Dawa Nyepesi, Figo ya Musembi

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kikima, na nitaanza na ndevu. Watu wakisikia kwamba nimepandikizwa figo huniuliza kuhusu kisu, kuhusu kidonda, na kama niliogopa kufa. Hakuna anayeuliza kuhusu ndevu. Na mimi, mama wa msichana wa sekondari na mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa, niliota ndevu. Ziliota kidevuni na mashavuni, laini lakini nyeusi tititi, na mume wangu, Baba Ndinda, alikuwa akiacha wembe wake bafuni huku akijifanya ameusahau. Mpaka leo namshukuru kwa kule kujifanya.

Ninaandika haya kwa sababu wanaosubiri figo huambiwa jambo moja tu: ukipata, umepona. Hapana. Ukipata figo umepata kazi mpya, na bosi wa kazi hiyo ni dawa. Mwili hupenda kufukuza kitu ambacho si chake, kwa hivyo asubuhi na jioni unaumezea vidonge ili usahau kupigana. Dawa nilizoanza nazo zilikuwa kali, hata zile ndevu zilitokana nazo. Siwezi kuzitukana sana maana ndizo zilizonivusha. Lakini nataka ujue kwamba kuna maisha baada ya zile kali, na ujue pia jinsi watu wanaokupenda wanavyoweza kukaribia kuyaharibu maisha hayo kwa mikono yao wenyewe.

Figo nilipewa na kaka yangu mkubwa, Musembi. Yeye ni mchuuzi wa mbuzi kule Kyuso, mtu wa sauti kubwa ambaye hubishania bei sokoni hadi mwenzake achoke kusimama. Wakati nilipokuwa nikienda mjini Wote kusafishwa damu kwa mashine, alikuja mara moja kunisindikiza. Alikaa kando ya kitanda akitazama damu yangu ikizunguka kwenye mipira, kisha akatoka nje bila kuaga. Nilidhani ameshindwa kuvumilia. Kumbe alikuwa amekwenda kumuuliza nesi mahali ambapo mtu hupimwa kuona kama figo yake inafaa.

Ilifaa. Tulipasuliwa Nairobi, msimu ambao kwao walikuwa wakivuna ndengu, naye alilalamika kwamba anakosa soko.

Sasa nieleze desturi moja ya kwetu Ukambani, kwa sababu bila hiyo hutaelewa vita vilivyofuata. Mtu mwenye mbuzi wengi, au mwenye malisho haba, humwachia jamaa yake mbuzi amchungie. Wewe mchungaji unakunywa maziwa, na mbuzi akizaa vizuri huenda ukapewa mtoto mmoja awe wako. Lakini mbuzi ni wa mwenyewe. Humuuzi, humchinji, na akiugua humpi dawa kabla hujampelekea mwenyewe habari. Naye mwenyewe ana haki ya kufika siku yoyote, hata hujanawa uso, akaingia zizini kumkagua mnyama wake.

Musembi alipozinduka kutoka kwa usingizi wa dawa, neno la kwanza alilonitumia kupitia kwa nesi lilikuwa hili: "Mwambie Syokau hiyo figo sijampatia. Nimemwekea tu. Aichunge."

Nilicheka mpaka nyuzi zikaniuma. Baadaye nilimwambia, "Sawa, mwenye mali. Nitaichunga." Tulidhani ni mzaha. Lakini kila Jumapili baada ya ibada simu yangu iliita. "Mnyama wangu anaendeleaje?" Na kila alipokuja Kikima alinikagua kweli, macho, miguu kama imefura, hata fizi, kwa mkono uleule anaofungulia mbuzi mdomo sokoni. Alinipokonya chumvi mezani mbele ya wageni. Mwanzoni nilifurahi. Mwaka wa pili nilianza kuchoka.

Nilikuwa na mengi ya kunichosha. Uso wangu ulikuwa umeumuka kama andazi, na wateja wangu wengine walipita mbele ya kibanda changu bila kunitambua. Njaa haikuisha. Hasira nazo, sijui zilitoka wapi, nilimfokea binti yangu Ndinda kwa sababu ya kijiko. Usingizi ulinikimbia. Haya yote ningeyabeba. Ilipofika kwenye mikono, hapo nilikwama.

Mikono yangu ilianza kutetemeka kidogo asubuhi, dakika chache tu baada ya dawa. Halafu ikawa asubuhi yote. Halafu ikawa mchana kutwa. Fundi wa nguo anayetetemeka ni fundi wa nini? Nilikata kitambaa cha sare za kwaya kikaenda upande, mkasi ukajiongoza wenyewe kama punda aliyekataa njia. Wanakwaya wenzangu walisema si kitu, Syokau, Mungu anaona. Mungu alikuwa anaona, lakini walipeleka kitambaa kilichobaki kwa fundi mwingine.

Kutia uzi kwenye sindano ndiko kulikonishinda kabisa. Baba Ndinda hulima kabeji na viazi, ana vidole vinene kama mihogo. Alinisikia nikilia kibandani. Kuanzia kesho yake, kabla ya kwenda shambani, aliketi mlangoni kwenye mwanga akatia uzi kwenye sindano zangu zote, nyeupe, nyeusi, buluu ya sare za shule, akazichoma kwenye kipande cha godoro. Nilizikuta zimesimama zikinisubiri. Ukiugua muda mrefu utajifunza kwamba mapenzi mara nyingi huja kwa namna hiyo, bila hotuba.

Kliniki ya figo kule Nairobi ina kanuni yake. Siku hiyo humezi dawa nyumbani, unakuja nayo kwenye mkoba, kwa sababu wanataka kupima ile ya jana imebaki kiasi gani kwenye damu. Kwa hivyo benchi zima huwa ni watu wenye njaa, wamekumbatia mikoba, wakisubiri kuchomwa sindano ndipo wameze. Tunajuana kwa nyuso zilizoumuka. Mtu mpya akiingia tunajua bila kuambiwa, maana uso wake bado una mifupa.

Ni kwenye benchi hilo nilipokutana na Bi Zuhura, mjane wa Mwingi ambaye wazee wake walitoka pwani zamani na biashara ya nguo. Yeye alikuwa na figo ya mwanawe. Nilimtazama akimimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa hadi kwenye kifuniko, kimejaa hadi ukingoni, na hakuna tone lililomwagika. Nilikodoa macho kama mwizi.

"Bi Zuhura, wewe hutetemeki?"

"Nilikuwa natetemeka, mwanangu. Sahani zangu zote zilivunjika. Wamenibadilishia dawa. Hizi mpya ni nyepesi, lakini nisikudanganye, mdomo uliniota vidonda miezi miwili, nikala uji baridi kama mtoto. Kila dawa ina adhabu yake. Wewe chagua ile unayoweza kuishi nayo."

Siku hiyohiyo daktari aliniita ndani. Ni mama mwembamba asiyependa maneno mengi. Wiki iliyotangulia walikuwa wamechukua kipande kidogo cha figo kwa sindano, kwa sababu vipimo vyangu vya uchafu kwenye damu vilikuwa vimeanza kupanda polepole. Nilijua mwili umeanza kuikataa. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia Musembi.

"Mwili wako hauikatai," daktari alisema. "Ni dawa. Ile kali inayoilinda figo ndiyo inayoichosha. Tukiendelea nayo hivi, tutaipoteza polepole."

Alipendekeza kuniondolea ile kali hatua kwa hatua, kuingiza nyingine ya aina mpya, na kupunguza ile ya kuumua uso hadi kidonge kidogo kabisa. Hakunificha hatari yake. Miezi ya kwanza ya kubadilisha, mwili unaweza kuzinduka ukapigana, na ingebidi nije kupimwa mara kwa mara. Aliniuliza kama niko tayari.

Mwanamke mwenye akili timamu angesema ndiyo papo hapo. Mimi nilisema, "Daktari, ngoja kwanza nimuulize mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Nilimweleza habari ya mbuzi. Alivua miwani akaifuta, kisha akaivaa tena. "Muulize," akasema. "Lakini usikawie."

Nilimpigia Musembi simu nikiwa bado nje ya mlango. Alikataa kabla sijamaliza.

"Hapana. Hiyo figo ilitoka kwangu ikiwa nzima. Hizo dawa zimeichunga miaka yote, sasa mnataka kuifanyia majaribio? Wewe ni panya?"

"Musembi, dawa zenyewe ndizo zinaiua."

"Ni nani alikuambia? Huyo daktari? Yeye ametoa figo kwa nani?"

Alifika Kikima siku tatu baadaye. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka kwenye milima yetu ya Mbooni hadi kwenye paa, naye mtu wa joto la Kyuso alikuwa amevaa jaketi mbili na bado anatetemeka kuliko mimi. Aliketi jikoni karibu na moto. Nilikuwa na hasira, na sasa sioni haya kuisema. Nilikuwa nimechoka kuwa zizi.

"Nisikilize," nilimwambia. "Mwenye mbuzi akikataa, mchungaji humrudishia mbuzi wake. Mimi nikurudishie vipi? Huyu wako ameshonewa ndani yangu. Dawa ninameza mimi. Ndevu ninanyoa mimi."

Aliinua kichwa. "Ndevu?"

Hakuwa anajua. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Baba Ndinda, ambaye kwa kawaida humwachia Musembi kelele zote, alisimama akaleta sindano na uzi akaviweka mbele yangu. "Tia," akaniambia kwa upole. Nilijaribu. Nilijaribu tena. Musembi alitazama ule uzi ukizunguka tundu la sindano kama nzi anayetafuta pa kutua, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Mwaitu," alisema mwishowe. Hilo ni neno la kumwita mama, na kwetu mwanamume humwita dada yake hivyo anapomheshimu au anapotaka kitu. "Mwaitu, basi badilisha. Lakini majibu yote ya hospitali, mimi niambiwe kwanza." Alikubali shingo upande, nami nilimwahidi.

Vidonda vya mdomo vilikuja kama Bi Zuhura alivyosema. Kila chakula kilikuwa na ladha ya chuma. Nilikula uji baridi na kulalamika kwa sauti, maana nimegundua kulalamika kwa sauti hupunguza uchungu. Lakini mbaazi zilipokuwa zinakauka shambani uso wangu ulianza kurudi, kwanza mashavu, halafu shingo. Ndevu zilipukutika, nikamrudishia Baba Ndinda wembe wake rasmi. Mvua za Novemba zilipoanza, niliamka asubuhi moja nikatia uzi kwenye sindano mara ya kwanza nilipojaribu. Nikauchomoa, nikautia tena. Nilifanya hivyo asubuhi nzima kama mwendawazimu, na wateja wangoje. Vipimo vilishuka. Nilimpigia Musembi nikapiga vigelegele kwenye simu.

Krismasi tulikwenda Kyuso kwa Musembi, mbuzi akachinjwa, nami nikala kidogo kama ninavyoruhusiwa. Tulipokuwa tunaondoka alinipa chupa mbili kubwa za supu ya mifupa. "Unywe kidogo kidogo asubuhi," akasema. "Ikiisha nitatuma nyingine." Na kweli alituma.

Mwishoni mwa Januari nilienda kliniki nikiwa nimejipaka mafuta vizuri, nikijua nitasifiwa. Daktari hakunisifu. Kipimo kilikuwa kimepanda, tena si kidogo.

Sitaki kukuficha nilivyohisi. Nilimwona Musembi akilini mwangu akinitazama na kusema, nilikuambia. Nilijiona nimerudi kwenye mashine kule Wote, na figo ya kaka yangu imetupwa bure kwa sababu nilitaka kushona sketi.

"Umeongeza dawa yoyote? Ya kikohozi? Ya mitishamba?" daktari aliuliza.

"Hakuna, Daktari. Naapa."

Alisema tungesubiri kidogo, arudie kupima damu, na kama bado iko juu nilazwe wachukue tena kipande cha figo. Nilimpigia Musembi kama nilivyoahidi. Nilitarajia kelele. Badala yake akasema, "Usirudi nyumbani. Lala kwa mtu hapo Nairobi. Nakuja."

Aliingia kwa daktari kesho yake na vumbi la Kyuso bado likiwa kwenye viatu. Hakuketi.

"Daktari, ni mimi. Nilimpatia supu."

"Supu ya nini?"

"Ya mifupa. Lakini niliweka muteta."

Muteta ni mzizi mchungu ambao kwetu huchemshwa na mifupa ya mbuzi. Wanaume huinywa kwa ajili ya mgongo na viungo, na wengi wanaamini inaosha figo. Mimi nimeijua tangu utotoni, lakini kwa ulimi wangu ule wa chuma sikuihisi. Alikuwa ameichemsha nyepesi ili nisijue.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilikuwa napiga kelele ndani ya ofisi ya daktari.

"Mwenye mbuzi akitaka kumpatia mbuzi wake dawa, huwa anaomba ruhusa?" Alisema hivyo, lakini hakukuwa na ubishi ndani ya sauti. "Niliona umeachishwa ile kali. Nikaogopa iko bila askari. Nikasema niongeze nguvu."

Daktari hakumfokea. "Sijui muteta hufanya nini ikikutana na dawa hizi," alisema. "Labda si hiyo iliyopandisha kipimo. Lakini hakuna aliyenipimia, na kitu nisichokijua sikitaki ndani ya mgonjwa wangu. Iache leo. Tutarudia damu baada ya wiki mbili." Kisha akamgeukia kabisa. "Na wewe? Hiyo moja uliyobaki nayo, ulipimwa lini mara ya mwisho?"

Musembi alitazama dirishani.

"Nimekuuliza."

"Sijawahi. Tangu nyuzi zitoke."

"Kila mwaka tulikuambia uje."

"Mimi nakunywa supu."

Miaka yote hiyo alinishika fizi, akanipokonya chumvi, akanipigia kila Jumapili, na mimi sikuwahi kumuuliza ya kwake inaendeleaje. "Kwa nini, Musembi?" nilimuuliza. "Uliogopa nini?"

Hapo ndipo alipovuta kiti akaketi.

"Nikipimwa nipatikane iko na shida, si wewe utajua? Ukishajua, utamezaje hizo dawa zako kila siku? Utakuwa unaona umeniua." Alijifuta uso kwa mkono wa jaketi. "Nilifikiri, kama sijui, hata wewe hutajua."

Nililia mbele ya daktari. Sikulia kwa sababu ya kipimo. Nililia kwa sababu mtu yule mwenye kelele nyingi alikuwa amebeba hofu mbili, ya figo yangu na ya yake, na akanionyesha moja tu.

Tulirudi pamoja baada ya wiki mbili. Alikuwa ameacha supu na mimi nimeiacha. Tulikaa kwenye benchi mkoba wangu ukiwa mapajani, na muuguzi alipoita jina lake badala ya langu alinitazama kama mtoto siku ya kwanza ya shule. Nilimsukuma mgongoni. Alirudi amekunja mkono juu ya pamba, akisema wamemtoa damu nyingi kuliko ya ng'ombe. Bi Zuhura alikuwepo siku hiyo, akamwambia, "Tulia, baba. Watu wazima hawapigi kelele kwa sindano." Musembi akanyamaza. Sijawahi kumwona akitii mtu haraka hivyo.

Daktari alisoma yangu kwanza. Ilikuwa imeshuka, karibu na pale ilipokuwa kabla ya Krismasi. Dawa zile nyepesi nilizobadilishiwa ndizo ninazomeza mpaka leo, na misimu kadhaa ya mvua imepita. Kama uko kwenye zile kali na mwili umechoka, muulize daktari wako bila woga kama kuna njia nyingine. Usipunguze mwenyewe. Uliza. Na kitu chochote cha kunywa utakacholetewa na mtu anayekupenda, muulize pia ameweka nini ndani. Halafu, kama figo yako ilitoka kwa mtu aliye hai, mpigie leo umuulize alipimwa lini.

Kisha daktari alifungua karatasi ya Musembi. Nilisahau kwamba yangu imeshuka. Nilishika ukingo wa meza.

"Figo yako ni nzima kabisa," alisema. "Inafanya kazi ya mbili. Hata presha iko sawa."

Nilitarajia ataruka. Alibaki ameketi, mikono juu ya magoti, akiitazama ile karatasi asiyoweza kuisoma vizuri bila miwani.

"Daktari," aliuliza polepole, "yaani miaka hii yote ningekuwa nalala usingizi?"